Mukutano Leuven mwezi wa sita: nitembee wapi, na sesio gani naweza kukimbia?

asistanti_kasapa (Lubumbashi)

Jambo bandugu bote. Mi niko asistanti wa jeolojia huku Lubumbashi, rezime yangu ilipokelewa ku mukutano moja yenye itafanyika Leuven, Ubelgiji, mwezi wa sita. Mi sijavukaka bahari, nilifikaka paka Kitwe na Ndola njia ya Kasumbalesa, basi munaelewa. Tiketi na oteli balisema batalipa, ndege ni ile ya kupita Addis. Sasa shida yangu: programu imejaa toka asubuyi mpaka mangaribi, sesio juu ya sesio, na minawaza nifike mbali hivyo halafu nirudie bila kuona kitu, ku nyumba bataniuliza uliona nini, nitabajibu nini, niliona paka projekta? Profesa wangu ye anasema muntu anaenda kule kwa kazi, hapana kutembea. Lakini mu biro yake kuko picha yake mbele ya Atomium, ile jengo ya maboli ya chuma ya Bruxelles, amevaa koti ya mvua, sijue ile picha banaipiga saa ya sesio gani.

Minauliza benye balishaka kuenda. Sesio gani muntu anaweza kuacha bila kuharibu jina yake? Na nikipata nafasi kidogo niende wapi? Mwenzangu moja anasema chukua treni uende Paris, picha na Tour Eiffel, mangaribi umerudia. Mwingine anasema Matonge, ule mutaa wa Bakongomani wa Bruxelles, inatosha. Franga ya mufuko ni kidogo sana, perdiem (franga ya matumizi ya kila siku) batanirudishia nyuma ya safari, na munajua "nyuma ya safari" inakuwaka lini.

yaya_wa_ruashi (Bruxelles)

Mudogo wangu, felisitasyo kwanza! Ila mbele ya kutembea tuongee viza, juu njo hapo safari za bantu zinaharibikaka. Bengi banaombaka viza ya tarehe za mukutano tu, juu njo tarehe zenye ziko ku barua ya mwaliko, halafu bakifika banaanza kulia. Weka mu dosye yako siku za mbele na za nyuma tangu sasa, na fasi ya kulala yenye inafunika hizo siku zote, na asiransi ya safari vilevile (banatakaka ile yenye inafunika kufika euro 30,000). Bakikupatia, soma kile kikaratasi muzuri. Kuko tarehe ya kuanza na ya mwisho, halafu kuko fasi ingine yenye banaandika hesabu ya siku. Ile hesabu njo sheria! Muntu anaona tarehe zinaenda mbali anashangilia, kumbe siku zenyewe ni chache kuliko pale, na siku ya kuingia inahesabika na ya kutoka inahesabika. Ukipitisha, viza ya kesho itakuwa nguvu sana.

Na chunga vipande vya tiketi ya ndege na cheti ya kuhuzuria mukutano, bila hivyo ile perdiem utaikumbuka mpaka pansheni.

Sesio: yako usicheze nayo, fika mbele, jaribu projekta, salimia mwenye kuongoza. Sesio ya bale benye umesomaka kazi zao, enda, kaa mbele, uliza swali. Kokteli ya siku ya kwanza, enda hata kama unachoka ndege, juu mu sesio hakuna muntu atakuongelea, ni kule wakiwa na glasi mu mukono njo banaulizaka weye unatoka wapi unafanya nini. Zile zingine, kama mukutano mukuu wa shirika yenyewe wenye banachagua katibu na kusoma hesabu za makuta, pale hata benyeji banakimbiaka, toka tu polepole.

Paris sikushauri. Viza inakuruhusu, Schengen (zile nchi za Ulaya zenye kutumia viza moja) ni moja, lakini ile treni ya mwendo kasi ukiinunua siku za mwisho bei itakumeza, halafu utaona paka milolongo ya bantu. Mwezi wa sita huku jua inachelewa, saa ine ya usiku bado unaona njia bila taa. Sesio inaisha saa kumi na moja, hesabu mwenyewe masaa ya mwanga yenye yanabakia, na ni bure.

mama_nguba (Bukavu)

Mwanangu asistanti, yaya amesema vizuri, mimi naongeza tu juu ya Leuven yenyewe, nilisomaka pale. Batu banafikaka Leuven banaikimbia kwenda Bruxelles kama vile Leuven ni stasyo ya kungojea treni tu. Pale kila kitu ni kwa miguu. Ukitoka stasyo unafwata ile njia kubwa yenye kunyooka, unafika ku jumba la manispaa ya zamani, ukuta wake umejaa sanamu ndogondogo za mawe, ziko 236, weye mutu wa mawe utasimama pale shingo ikuume.

Halafu uende ku maktaba ya chuo, ile yenye munara ku Ladeuzeplein. Hii naomba usiiache. Chuo kilianza 1425. Mwaka 1914 askari ba Ujerumani balichoma maktaba ya zamani, vitabu mamia ya maelfu vikaenda na moto, nyuma ya vita Bamarekani bakachanga makuta bakajenga hii mupya, 1940 ikaungua tena, bakaijenga tena! Na haikuishia hapo. 1968 Baflama na bale ba Kifaransa baligombana juu ya luga, chuo kikapasuka mbili, ba Kifaransa bakahamia kujenga Louvain-la-Neuve, na vitabu bakagawanya kwa namba, ile yenye namba ya shufwa upande huu, ya witiri upande ule, yaani hata mufululizo moja ya vitabu nusu iko kwa mume nusu iko kwa muke. Mimi niliposikia nilicheka mpaka mulinzi akaniangalia. Nasi benye tunagombanaka ku fakilte juu ya kabati moja, tuko baanzaji tu.

Chuo hicho hicho njo kilizaa chuo kikuu cha Lovanium ya Kinshasa 1954, basi usijisikie kama mugeni sana pale.

Mangaribi pita Groot Begijnhof, ni mutaa mudogo wa nyumba za matofali mekundu na mito midogo, zamani walikaaka banawake ba kusali benye habakuwa masista kamili, leo ni ya chuo na mara na mara wageni ba chuo banalalaka mule. Uliza benye banapanga mukutano kama fasi iko, haiulizwi haipatikani. Kula kwako, tafuta Alma, ni restora ya banafunzi, bei ni ya binadamu. Restora za ku Oude Markt ni za kunywa na kukaa, na maji yenyewe banakuuzia, wakati maji ya robine kule ni safi, beba chupa yako.

fils_ya_likasi (Likasi)

Mama Nguba anamutuma muntu kuangalia maktaba yenye iliungua 😂 Leki yangu sikia mi. Enda ku Atomium kama profesa wako, piga picha hiyo hiyo, uiweke pembeni ya yake ku biro.

Serieux lakini. Ile kitu ni ya bantu ba mawe kabisa, ni kristali ya chuma yenye banaongeza mara bilioni 165, maboli tisa, mita 102, banaijenga juu ya maonyesho ya dunia ya 1958 kushangilia atomu. Na atomu ilitoka wapi? Hapa kwetu! Shinkolobwe, ule mugodi wa urani, mi nikipanda manseba (baiskeli) siko mbali. Urani ya Union Minière, kampuni ya madini ya Babelgiji, njo ilienda ku Marekani mu vita wakafanya bomu ya 1945. Bao bakajenga maboli yenye kung'aa, shiye tukabakia na shimo yenye tunakatazwa kusogelea. Usilipe kuingia, kwa chini inatosha, kupanda ni bei na mule ndani ni eskaleta.

Manneken-Pis usipoteze saa. Ni katoto ka shaba kenye kanakojoa, urefu wake nusu mita na kidogo tu, tena ile ya ku njia ni kopi, ya kweli iko mu muze ya ku Grand-Place, kile kiwanja kikubwa cha katikati ya muji. Bantu banazunguka pale kama ku kilio ya chef coutumier. Lakini Grand-Place yenyewe enda, usiku bakiwasha taa.

yaya_wa_ruashi (Bruxelles)

Fils, ukiongea 1958 ongea yote. Mu yale maonyesho, pale pale karibu na Atomium, banaweka "kijiji" cha Bakongomani, mafundi na familia zao ndani ya uzio wakifanya kazi za mikono, na batazamaji banabatupia ndizi na maneno. Bale bandugu bakakasirika bakarudia ku nchi mbele maonyesho yaishe. Miaka miwili nyuma tukapata uhuru. Mi kila nikipita kule ninawazaka ile, maboli siyaone vile.

asistanti_kasapa (Lubumbashi)

Asanteni sana, mama Nguba mungu akubariki, nimeandika yote. Yaya, na Tervuren, ile muze ya Afrika karibu na Bruxelles? Kuko muntu ku fakilte ananiambia usiende, ni kulipa franga kwa kuona bintu byenye balikuiba. Mwingine anasema bila Tervuren hujaenda Ubelgiji.

fils_ya_likasi (Likasi)

Huyo wa kwanza iko na akili. Mi siwezi kulipa kiingilio ya kuona kiti ya nkambo yangu.

mwalimu_wa_katuba (Lubumbashi)

Ndugu asistanti, miye nafundisha historia, na ninakuomba uende, na usiende mbio. Ipe siku nzima. Fils nakuelewa, hasira yako haina kosa, lakini muntu mwenye ataenda kudai kitu lazima kwanza ajue kiko wapi, kilitoka kijiji gani, na nani alikichukua. Kule njo hivyo vimeandikwa. Vitu vya sanaa na vya maisha ya watu peke yake ni karibu 120,000, na vingi havioneshwi, viko ku depo.

Njia yake: kutoka Bruxelles unachukua metro mpaka Montgomery, pale tramu namba 44 mpaka mwisho. Usilale mule, inapita katikati ya miti mikubwa, ni tramu nzuri kuliko zote. Ile barabara yenyewe, Avenue de Tervueren, Leopold II aliifungua juu ya maonyesho ya 1897, mwaka wenye banaleta Bakongomani 267 kuwaweka mu vijiji vya kuonyesha kando ya mabwawa ya ile bustani. Saba walikufa. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren, ni mwendo mufupi kwa miguu kutoka muze, anzia pale mbele ya kuingia. Majina yako ku mawe: Sambo, Mpemba, Ngemba, Ekia, Nzau, Kitukwa, Mibange. Hakuna tiketi, hakuna mulolongo. Wageni wengi hawafiki.

Muze ilifungwa 2013 ikafunguliwa tena mwezi wa kumi na mbili 2018, wakisema wameiondoa ukoloni. Wamefaulu nusu. Unaingia kwa chini ya udongo, kuna mutumbwi mrefu kupita mita 20, halafu unapanda mu jumba ya zamani yenye alama ya Leopold imechongwa ku kuta kila fasi, na hazitoki juu jumba inalindwa na sheria. Mule ku ukumbi wa mviringo sanamu za dhahabu za zamani ziko bado, zenye kusema Ubelgiji ilituletea maendeleo, lakini mbele yao waliweka kazi ya msanii Mukongomani Aimé Mpane, uso mkubwa wa mbao. Na kuna ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1,508 wenye walikufa Kongo mbele ya 1908. Msanii Freddy Tsimba wa Kinshasa aliandika ku vioo vya madirisha majina ya Wakongomani wenye walikufa Ubelgiji, jua ikitoka kivuli cha yale majina kinatembea juu ya ukuta wa wale. Basi chagua siku ya jua kama unaweza.

Lakini yenye inanishika miye zaidi ni ya Lusinga. Mama yangu ni Mutabwa wa Moba. Mwaka 1884 kule Mpala, kando ya Tanganyika, ofisa Mbelgiji Émile Storms alituma watu wake, wakamuua mwami Lusinga, wakakata kichwa. Fuvu likaenda Ubelgiji pamoja na sanamu ya mababu yake. Sanamu iko Tervuren. Fuvu liko Bruxelles, ku taasisi ya sayansi za asili. Sanamu ya Storms ilisimama mu bustani moja ya Ixelles mpaka 2022 ndipo wakaiondoa. Ukifika mbele ya ile sanamu ya mababu ya Lusinga simama kidogo, usipige selfi.

fils_ya_likasi (Likasi)

Mwalimu sasa weye unataka huyu leki aende mukutano ao aende kilio?

mwalimu_wa_katuba (Lubumbashi)

Vyote viwili, ndugu. Na kilio cha namna hii kinafaa kuliko picha ya Tour Eiffel. Mwaka ule wa 2022 mfalme Philippe alipokuja, Kinshasa alileta kinyago cha Kakungu "kwa mkopo", kitu chetu tunakopeshwa, halafu akaja mpaka hapa ku chuo chetu kuhutubia. Miye nilipenda tuwe na wanafunzi wenye walishaona ile nyumba kwa macho yao, maswali yao yangekuwa na meno.

yaya_wa_ruashi (Bruxelles)

Asistanti, nyongeza moja na njo ya maana kwako. Tervuren si muze tu, ni fasi ya utafiti, iko na watu ba jeolojia benye banafanya kazi juu ya Katanga mpaka leo, na mawe na makarte na kumbukumbu za makampuni ya zamani. Andika imeli sasa, hapana wiki ya mukutano, sema weye ni nani, unafanya nini, unataka kuona karte gani ao sampo za fasi gani. Weka rezime yako na jina ya profesa wako ndani. Wakikubali, unaingia kwa mulango wa kazi, na profesa hataweza kusema ulienda kutembea. Halafu nyuma ya hapo unapanda kuangalia ile chumba ya madini, utaona malakiti (yale mawe ya kijani ya shaba) zenye hata kule Lubumbashi haujawahi kuona, juu zile nzuri zilitoka mbele yako uzaliwe.

Kutoka Leuven usizunguke kwa Bruxelles, kuko basi za De Lijn zenye zinaenda Tervuren moja kwa moja. Siku ya lundi (jumatatu) muze inafungwa, bantu bengi banafika pale lundi bananuna.

mama_nguba (Bukavu)

Na ile Matonge, mwanangu, enda mangaribi moja tu, ni pale Porte de Namur, utakula samaki na sombe, utanyolewa, utasikia Lingala na Swahili ku njia, moyo utatulia. Karibu pale kuko kiplase kimoja kinaitwa Square Patrice Lumumba, walikifungua tarehe 30 mwezi wa sita 2018, ni kadogo lakini piga picha. Ila usilale pale, na usiwaambie watu ba nyumbani kama utapita Matonge, juu kila mutu atakupa kifurushi cha kupelekea shangazi. Nyama kavu na maziwa haviingii Ulaya, wanakunyang'anya ku erporti na wanaweza kukulipisha, na shangazi hatakuamini.

asistanti_kasapa (Lubumbashi)

Mama, kifurushi cha kwanza kimeshafika jana 😭 Yaya, imeli ya Tervuren nitaiandika leo usiku, nataka karte za zamani za upande wa Kambove na Likasi, kazi yangu iko pale kabisa. Mwalimu, nitaanzia ku kanisa. Paris nimeacha. Swali ya mwisho: profesa nimuambie juu ya ile imeli mbele, ao nyuma wakijibu?

yaya_wa_ruashi (Bruxelles)

Mbele. Na umuweke ku kopi, atafurahi, kesho yake atawaambia bote ni ye alikutuma.